Hedifoni Mpya, Kaseti Kuukuu

Yeyote aliyevuka kwa feri ya Likoni katika miaka ya karibuni ameona jinsi masikio ya abiria yalivyozibwa. Wapo waliotia vidude visivyo na waya, wapo ambao nyaya zimewashuka hadi mfukoni, na mmoja mmoja huonekana amevaa hedifoni kubwa zilizofunika masikio yote mawili mithili ya vifuu vya nazi. Akishateremka, abiria huyo huyo hupokewa na matatu za Mtongwe zenye besi ya kutikisa vioo. Hali haina tofauti Kongowea kwa wanaokwenda Mishomoroni na Bamburi, wala Changamwe kwa wanaotoka zamu za bandarini. Ng'ambo zote za Mombasa zinasikiliza, tena zinasikiliza mchana kutwa.

Hata hivyo, ipo namna moja ya kusikiliza ambayo wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawajaipa uzito inaostahiki, nayo ni kuisikiliza taarabu ya Mombasa kwa chombo kilichoundwa kwa uangalifu, mshororo kwa mshororo, kama mwanachuoni anavyoufuata utenzi kwa kidole. Makala haya yanadai kwamba hedifoni bora ni chombo cha kusomea. Yanadai vilevile, na hili ndilo zito zaidi, kwamba chombo hicho kikivaliwa leo hudhihirisha uzembe wa wasomi kabla hakijadhihirisha umahiri wa waimbaji.

Kwanza jina. Wapo wanaopendelea neno visikizi, na neno hilo halina ila. Ila mwenye duka la Kongowea akiulizwa kama anavyo visikizi huenda akauliza ni dawa ya maradhi gani. Itumike basi hedifoni, kama watu wanavyosema. Historia ya chombo chenyewe haihitaji maneno mengi. Mmarekani Nathaniel Baldwin aliwauzia wanamaji wa nchi yake hedifoni alizozitengeneza jikoni kwake mwaka 1910. Mwaka 1958 John Koss alitoa za kwanza za stirio kwa ajili ya kusikiliza muziki, na mwaka 1968 kampuni ya Kijerumani ya Sennheiser ikatoa HD 414, hedifoni za kwanza zilizo wazi kwa nyuma. Walkman ya Sony ilipotoka mwaka 1979, muziki ukatoka sebuleni ukaingia njiani, na tangu hapo haujarudi.

Chukulia mwanafunzi wa shahada ya pili anayeishi katika chumba cha kupanga Kisauni, ambaye jamaa yake aliyeko Ghuba amemletea jozi moja ya tabaka la juu, za aina hiyo iliyo wazi kwa nyuma. Siku ya kwanza si siku ya furaha. Hedifoni nyingi za namna hii zina ukinzani mkubwa wa umeme. HD 600 ya mwaka 1997 na HD 800 ya mwaka 2009, kwa mfano, zote zina ohmu 300, na simu ya mkononi haiwezi kuzisukuma ipasavyo pasina amplifaya. Sauti hutoka nyembamba na ya mbali, kama ya mtu aliyeko chini ya kisima. Isitoshe, kwa kuwa ziko wazi, haziuzuii ulimwengu: feni, tuktuk, watoto wa jirani, na jenereta ya kinyozi vyote huingia na kukaa kati ya udi na fidla. Hapo ndipo msikilizaji huyo anapong'amua kuwa ana saa chache tu za kusikiliza, zile za usiku wa manane hadi adhana ya alfajiri.

Amplifaya ikishapatikana, na usiku ukishaingia, jambo la kwanza linalomgusa ni nafasi. Hedifoni za kawaida huupachika muziki katikati ya fuvu. Hizi huutoa nje, ukawa kama umesimama hatua moja mbele ya paji la uso, huku dumbaki ikiwa mahali pake na taishokoto mahali pake. Jambo la pili ni uchache wa besi, nalo humsikitisha kila aliyelelewa na matatu. Lakini masikitiko hayo hayadumu, kwa sababu besi ya matatu ni uongo mtamu. Taarabu ya Mombasa haikujengwa juu ya mtikisiko wa kifua. Imejengwa juu ya neno, na ala zimewekwa kulizunguka neno hilo kama wazee wanaomzunguka bwana arusi.

Jambo la tatu ndilo lililoleta makala haya, nalo ni pumzi.

Msomaji anayekijua Kimvita hahitaji kukumbushwa, bali wengine huenda wakahitaji. Katika lahaja hiyo, paa la nyumba na paa wa mwituni si neno moja lenye maana mbili. La mnyama hutamkwa kwa pumzi inayofuatia p, la nyumba halina. Ndivyo ilivyo kwa kaa la moto na kaa wa pwani, kwa tembo la mgema na tembo aliye ndovu, kwa chungu cha kupikia na chungu wanaotambaa ukutani. Wanaisimu wanalieleza jambo hili kwa historia: palikuwa na nazali mbele ya konsonanti, nazali ikapotea, ikaacha pumzi nyuma yake kama alama ya kaburi. Zaidi ya hayo, Kimvita kina t mbili, moja ya meno na moja ya ufizi. Mtu wa Unguja husema cheka, cheza na mchele. Wa Mombasa husema teka, teza na mtele, na t hiyo si ile ya kuteka maji. Mwenyeji hatatizwi na hayo. Mgeni husikia t moja, akadhani watu wa Mvita wana maneno yanayogongana.

Pumzi hiyo ni kitu kidogo mno. Ni sehemu ndogo ya sekunde, ni kishindo hafifu cha hewa kati ya kufunguka kwa midomo na kuanza kwa irabu. Katika spika ya redio ya kaseti iliyowekwa juu ya kabati haisikiki, na ndani ya matatu hata mwimbaji mwenyewe hawezi kuisikia. Katika hedifoni nzuri, usiku, hufika wazi kabisa. Msikilizaji husikia mwimbaji akivuta hewa kabla ya ukwapi, akiigawa hadi mwisho wa utao, na katikati ya safari hiyo akilitofautisha neno na neno kwa kipande cha hewa kisicho na herufi.

Kisicho na herufi: hapa ndipo fasihi inapoingia. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe uliamua kuwa Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Mwaka huo huo Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kuimbia santuri za kampuni ya His Master's Voice. Kiunguja, kwa maneno mengine, kilipata hadhi ya kalamu na hadhi ya santuri ndani ya mwaka mmoja. Hakuna sababu ya kukionea kijicho. Kiswahili sanifu ndicho kilichoandikiwa makala haya. Ila tahajia iliyotokana na uamuzi ule ina t moja na haina alama ya pumzi, na tangu hapo kila shairi la Kimvita linalochapishwa hupitia mlango ambao ni mwembamba kuliko lenyewe. Wazee waliotangulia waliliona tatizo hili hata katika hati ya Kiarabu. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, ambaye kwa msaada wake William Taylor alizikusanya tungo za Muyaka, alijihangaisha kuitengeneza hati hiyo ili ibebe sauti za watu wake. Diwani ya Muyaka ilipochapishwa na Hichens mwaka 1940, ilitoka katika herufi za Kirumi.

Mwanafunzi wa leo basi huletewa Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin na kuchapishwa mwaka 1971, akaambiwa ahesabu mizani, abainishe vina, aeleze tamathali. Akikuta neno linaloweza kuwa na maana mbili, hufurahi, huandika kurasa tatu juu ya utata na ufumbaji. Huenda yuko sawa, kwani washairi wa Mombasa ni mafundi wa mafumbo. Lakini huenda pia utata huo hauko kinywani mwa mshairi hata kidogo, na umezaliwa na kiwanda cha chapa. Mwenye kuhukumu ni sikio. Na sikio lina pa kwenda, kwa kuwa tungo nyingi za Ahmad Nassir ziliimbwa na binamu yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014 akiwa ameziimba arusi za pwani kwa miongo kadhaa. Ni shairi gani jingine la Kiafrika lililo na bahati ya kuachiwa sauti ya jamaa ya mtunzi, anayezungumza lahaja ya mtunzi, kama ufafanuzi wake?

Lipo swali moja ambalo lingetosha kuwa tasnifu nzima. Je, mwimbaji anapofika kwenye kina, huichanganya t ya meno na t ya ufizi, au huzitenga? Ukurasa hauwezi kujibu, kwa kuwa kwenye ukurasa ni herufi moja. Bhalo tena alikuwa hodari wa kuyatia maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi, na mahadhi hayo yana madai yake: silabi hurefushwa, kibwagizo hurudiwa, mizani nane za daftarini zikawa kitu kingine zikishafika hewani. Kuhesabu mizani za wimbo bila kuusikia ni kama kupima kina cha maji ya Kilindini kwa kuitazama ramani ya barabara.

Jambo hili linazihusu ng'ambo kuliko kisiwa. Kule Mji wa Kale mtoto huzisikia t zote mbili kabla hajaota meno. Lakini wanafunzi wengi wa Kiswahili wanaotoka Mombasa leo hawatoki Mji wa Kale. Wanatoka Changamwe, ambako wazazi wao walikuja kutoka kila pembe ya Kenya kufuata bandari, reli na kiwanda cha kusafishia mafuta kilichosita kazi hiyo mwaka 2013. Wanatoka Likoni, ambako Kiswahili na Kidigo hubadilishana salamu kila asubuhi. Wanatoka Kisauni, ambako nyumba moja ya vyumba sita huwa na lugha nne. Kiswahili chao ni fasaha na kina raha yake. Hata hivyo, mwingi wao amesoma Malenga wa Mvita pasipo kuisikia sauti iliyoimba malenga hizo. Kwa mwanafunzi huyo hedifoni hizi si anasa ya kuringia wenzake. Ndizo mlango wa kuingilia katika nyumba ambayo amekuwa akipita nje yake maisha yake yote.

Basi mlango hufunguliwa, na ndani kuna vumbi.

Kitu cha kwanza ambacho hedifoni bora humsikilizisha mtu katika nyimbo hizi si Bhalo. Ni unakilishaji. Faili aliyopewa mwanafunzi na rafiki ilitokana na kaseti, na kaseti hiyo ilinakiliwa kutoka kaseti nyingine, na hiyo nayo kutoka nyingine, na kila nakala iliongeza mvumo wake juu ya mvumo wa iliyotangulia. Mashine moja ilikwenda kasi, nyingine ikalegea, hivyo udi hupanda na kushuka kama mashua. Mwishowe mtu fulani aliigeuza kuwa MP3 ndogo ili iingie nyingi katika simu. Ikibanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde, aghalabu kila kilicho juu ya takriban hezi 16,000 hutupwa. Hilo si kosa kubwa kwa nyimbo zilizotoka kwenye kaseti. Kosa kubwa ni kwamba ubanaji huo huparaza mianzo mikali ya sauti, kiasi kwamba mguso wa risha kwenye uzi wa udi hutanguliwa na ukungu, na konsonanti hupoteza makali yake. Pumzi ya Kimvita, ambayo ni mwanzo hafifu uliokaa jirani na kelele, ndiyo ya kwanza kufa. Katika spika duni maiti hiyo haionekani. Katika hedifoni za dola mia kadhaa inaonekana, tena inaonekana vizuri.

Kinyume chake kinauma zaidi. Mwanafunzi huyo akipata rekodi za Zein l'Abdin na za Maulidi Juma zilizotolewa na kampuni ya GlobeStyle ya London mwaka 1990, ulimwengu hubadilika. Risha husikika ikigusa uzi, na uzi husikika ukitulia. Katika rekodi za Zein, aliyezaliwa Lamu na kuishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 2016, sauti na udi vimeachiwa nafasi ya kutosha hata mtu anaweza kukadiria ukubwa wa chumba. Kwa hakika ni jambo la kushukuru kwamba rekodi hizo zipo. Ila ni ajabu pia kwamba mtu aliyeko Kisauni, dakika chache kutoka daraja la Nyali, akitaka kuisikia Mombasa vizuri sharti aipitishe London. Santuri za Mzuri na kaseti za Mbwana Radio Service zilitengenezwa hapa hapa Mombasa, zikauzwa hapa, zikapigwa katika nyumba hizi. Hazikukosa kuwapo. Zilikosa kuhifadhiwa na watu ambao kazi yao, kwa mujibu wa shahada zao, ni kuhifadhi.

Kuna watakaopinga, na upinzani wao wa kwanza una nguvu. Watasema taarabu si kitu cha kusikilizwa na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Ni shughuli. Fumbo hulengwa kwa aliyekaa safu ya tatu, naye hulijua na kunyanyuka kumtunza mwimbaji noti ili kuonyesha kuwa halikumuuma, au limemuuma. Kumwondoa Maulidi Juma na kikundi chake arusini na kumtia katika masikio mawili ni sawa na kumsikiliza mtu mmoja wa watu wawili wanaogombana. Hayo ni kweli. Asiyewahi kuhudhuria arusi hata moja asije akajiita mtaalamu wa taarabu kwa sababu ya kifaa alichonunua. Lakini wapinzani hao wajaribu kuvaa hedifoni hizo na kusikiliza kaseti iliyorekodiwa arusini. Vigelegele havitoki mahali pamoja: vinaanzia kushoto, vinajibiwa kulia. Kiti kinaburutwa. Mtu anacheka kabla ya kina kutimia, maana yake amekwisha kulifumbua fumbo ilhali wengine bado. Kicheko hicho ni ushahidi wa upokezi wa fasihi ambao hakuna hojaji itakayoupata leo, na katika redio ya kawaida kilikuwa kelele tu.

Upinzani wa pili ni wa bei, nao hauhitaji falsafa. Sennheiser HD 800 ilipotoka mwaka 2009 iliuzwa takriban dola 1,400 huko Marekani. Fedha hizo hulipa kodi ya chumba Changamwe kwa miezi mingi. Mwanafunzi asiyekuwa na jamaa Ghuba asijiumize moyo. Jozi ya bei ya wastani, ikivaliwa usiku na mtu mwenye subira, itampa sehemu kubwa ya yaliyoelezwa hapa. Idara ya Kiswahili, kwa upande mwingine, isijifiche nyuma ya umaskini wa wanafunzi wake. Idara yenye dola 1,400 isinunue hedifoni za dola 1,400. Itafute kwanza deki ya kaseti iliyotumika na iliyo nzima, kifaa cha kugeuza sauti kuwa namba bila kuibana, na diski mbili za kuwekea, moja ikae mbali na nyingine. Kisha iwatume wanafunzi majumbani. Hedifoni moja nzuri ya maktaba ifuate baadaye, ifungwe kwa mnyororo ikibidi.

Utaratibu huo una haraka yake, kwa sababu tepu haimngoji mtu. Unyevu wa pwani huingia katika gundi inayoshika unga wa sumaku, ukungu huota pembezoni, joto hupinda ganda la plastiki. Familia nyingi zilizohama kisiwani na kujenga Kisauni au Likoni zilihama na makopo yao ya biskuti yaliyojaa kaseti, na makopo hayo yako juu ya makabati hadi hivi leo, karibu na mabati, mahali penye joto kuliko pote nyumbani. Kila mvua ya masika huondoka na kitu. Mzee anapofariki, vijana husafisha chumba, na kaseti isiyo na mashine ya kuipigia huonekana kuwa takataka.

Yule mwanafunzi wa Kisauni, kwa hiyo, bado yuko pale pale. Ni saa tisa za usiku, feni imezimwa, na amekwisha kuurudisha mshororo mmoja mara kumi na moja. Kinaishia na t. Anajaribu kusikia kama ulimi wa mwimbaji umegusa meno au ufizi, maana beti mbili mbele ipo t nyingine, na akiyajua yote mawili atakuwa na aya ya kwanza ya sura yake ya nne. Hedifoni zimefanya kazi yao. Nakala iliyoko mikononi mwake ni ya nne au ya tano, na ulimi wa mwimbaji umezama katika mvumo. Ya kwanza, kama ingali nzima, yumkini imo katika kopo huko Mtongwe, na hakuna aliyemwambia mwenye nyumba kwamba inatafutwa.